Kidole mbele ya macho: historia ya tiba ya jeraha lisiloonekana, kutoka California mpaka Kongo

KAMINA, Haut-Lomami – Usiku, gari la moshi linapopiga honi likikaribia stesheni ya Kamina, wakaaji wengi hujigeuza kitandani na kuendelea kulala. Lakini katika nyumba zilizopokea wahami, mara nyingi yuko mtu ambaye honi ile humwinua papo hapo. Moyo unamdunda, jasho linamtoka, mikono inatafuta watoto gizani. Kwa dakika hizo hayuko tena Kamina. Amerudi kule alikokimbia, na risasi zinalia. Asubuhi wenyeji wake humkuta amekaa mbele ya nyumba, hasemi wala halii, na bukari aliyowekewa imepoa. Mmoja atasema ni buloji. Mwingine atasema ni ulegevu, aache mawazo. Wa tatu atamwambia aongeze maombi.

Hali hiyo ina jina, na ziko tiba zilizopimwa. Mojawapo ni ya ajabu kuisikia. Mgonjwa anaombwa aikumbuke ile siku mbaya huku macho yake yakifuata kidole cha mtabibu, kushoto na kulia, kulia na kushoto. Kwa zaidi ya miaka 30 wataalamu wamebishana juu ya kidole hicho. Ubishi wao unawahusu watu wa Kamina kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu umesaidia kujibu maswali mawili ambayo familia nyingi hujiuliza: je, mtu wa namna hii anaweza kupona? Na ni nani anayeweza kumtibu mahali ambapo daktari wa akili yuko mbali?

Mji uliokulia juu ya reli

Reli ya kutoka Lubumbashi kwenda Ilebo inapita Kamina, na ni hapa ambapo njia ya Kabalo na Kalemie inaachana nayo. Ndiyo sababu nchi inapowaka moto, moshi wake haukawii kufika mjini.

Kati ya mwaka 1960 na 1963, Katanga ilipojitenga, Baluba wa kaskazini waliopinga utawala wa Moïse Tshombe walichomewa vijiji vyao. Kituo kikubwa cha kijeshi cha Kamina, kilichojengwa na Wabelgiji, kikaingia mikononi mwa askari wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na miji mingine ya Katanga. Maelfu walilala kwenye stesheni kwa wiki na miezi wakingojea behewa za kuwarudisha nchi ya mababu ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Watoto na wazee walikufa kwenye stesheni na njiani. Reli iliyowapeleka Kasai ni hii hii inayopita Kamina.

Vita vya mwaka 1998 mpaka 2003 viligawa kaskazini ya Katanga sehemu mbili. Kisha wapiganaji wa Mai-Mai wa Gédéon Kyungu Mutanga wakaitia hofu nchi iliyo kati ya Mitwaba, Pweto na Manono mpaka watu wakaiita pembetatu ya kifo. Gédéon alijisalimisha Mitwaba mwezi wa Mei 2006, lakini waliokimbia hawakurudi wote. Miaka kumi baadaye, mwaka 2016 na 2017, vita vya Kamwina Nsapu vililipuka katika majimbo jirani ya Kasai na kung'oa makwao watu zaidi ya milioni moja.

Kila safari kama hizo hesabu hufanywa: familia ngapi, mahema mangapi, magunia mangapi ya unga. Jeraha la ndani ni gumu kuhesabu. Halionekani kwenye mguu wala mgongoni, na mwenye nalo mara nyingi hataki kulisema.

Ugonjwa uliochelewa kupewa jina

Hata huko Ulaya jeraha hili lilichukua muda mrefu kutambuliwa. Mwaka 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika katika jarida la tiba la The Lancet juu ya askari waliokuwa wamepoteza uwezo wa kuona, kunusa au kukumbuka, ingawa miili yao haikuwa na kidonda cha kueleza jambo hilo. Wakauita ugonjwa wa mshtuko wa mabomu. Baadhi yao walipata hospitali maalumu. Wengine waliitwa waoga.

Katika vita hivyo hivyo, jeshi la Force Publique kutoka Kongo lilivuka mpaka na kuuteka mji wa Tabora mwezi wa Septemba 1916. Nyuma ya askari walikwenda maelfu kwa maelfu ya wapagazi waliobeba risasi na vyakula. Waliorudi walirudi vijijini na ndoto zao, na hakuna daktari aliyeandika makala juu ya usingizi wa mpagazi.

Jina rasmi lilikuja mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliuingiza katika kitabu chake cha magonjwa ugonjwa wa msongo unaobaki baada ya tukio la kutisha. Kwa Kiswahili huitwa ugonjwa wa kiwewe. Mjini wengi husema tu traumatisimu. Dalili zake ni za namna nne. Tukio linarudi lenyewe, kwa ndoto au kwa picha mchana kweupe. Mtu anakwepa mahali, maneno au watu wanaomkumbusha. Mawazo yake yanakuwa mazito: anajilaumu, hafurahii kitu, anajiona ametengwa. Na mwili unabaki katika ulinzi: hasira za haraka, kushtuka, kukosa usingizi. Madaktari husema ni ugonjwa iwapo hali hizo zinaendelea zaidi ya mwezi mmoja na kumzuia mtu kuishi na kufanya kazi zake.

Jambo moja lisisahauliwe. Si kila aliyeona vita hupata ugonjwa huu. Kulia, kuota vibaya na kushtuka katika wiki za kwanza ni kazi ya kawaida ya mwili uliotishwa, na wengi hutulia polepole wakipata usalama, chakula na watu wa kuwa nao. Tiba inayoelezwa hapa ni ya wale ambao miezi inapita na hawatulii.

Matembezi ya mwaka 1987

Mwanamke Mmarekani, Francine Shapiro, aliyekuwa akisomea saikolojia, alikuwa akitembea katika bustani huko Los Gatos, California, mwaka 1987. Kwa maelezo yake mwenyewe, mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yalipungua nguvu ghafla, na alipojichunguza akagundua kwamba macho yake yalikuwa yakienda upesi huku na huku. Akaanza kujaribu kwa makusudi, kwanza yeye mwenyewe, kisha kwa watu aliowafahamu.

Mwaka 1989 alichapisha uchunguzi wake wa kwanza. Ulikuwa na watu 22 tu, wakiwemo waliopigana Vietnam na waliobakwa au kudhulumiwa utotoni. Alisema kwamba kikao kimoja kilitosha kupunguza sana uzito wa kumbukumbu iliyowatesa. Baadaye aliipanua njia yake ikawa na hatua nane, na leo inajulikana dunia nzima kwa herufi nne: EMDR.

Hatua hizo hazianzi na kidole. Kwanza mtabibu anasikiliza historia ya mgonjwa. Kisha anamfundisha namna ya kujituliza, ili asije akazama katikati ya kazi. Baada ya hapo wanachagua pamoja picha moja ya tukio, na mgonjwa anataja neno baya analojiambia, kwa mfano "ni kosa langu". Anaulizwa uchungu uko kiasi gani, kutoka 0 mpaka 10. Hapo ndipo macho yanapofuata kidole kwa muda mfupi, kazi inasimama, mgonjwa anasema kilichomjia, na wanaendelea. Uchungu ukishuka, wanajenga neno jipya, kwa mfano "nilifanya nilichoweza". Mwisho wanaangalia kama mwili bado umekaza mahali, na wanafunga kikao mgonjwa akiwa ametulia. Kwa kawaida kikao huchukua dakika 60 mpaka 90, na vinahitajika kadhaa. Mgonjwa halazimiki kulisimulia tukio lote kwa sauti. Kwa mama aliyebakwa, au kijana aliyelazimishwa kushika silaha, hilo si jambo dogo.

Waliosema ni uchawi mpya

Habari za tiba ya haraka zilienea upesi, na mafunzo ya kulipia yakaenea pamoja nazo. Wanasayansi wengi wakatilia shaka. Je, mtu anaweza kuponywa jeraha la vita kwa kupungiwa kidole?

Mwaka 1999 Richard McNally wa Chuo Kikuu cha Harvard alilinganisha EMDR na mambo ya Franz Mesmer, daktari aliyetikisa Paris miaka mia mbili kabla. Mesmer alidai kwamba anatibu kwa nguvu isiyoonekana inayotiririka kutoka mikononi mwake, na wagonjwa walitetemeka, walilia na kusema wamepona. Mwaka 1784 mfalme Louis wa 16 aliunda tume, Benjamin Franklin akiwa ndani yake, kumpima. Tume iliwafunga watu macho. Ikaonekana kwamba walitetemeka pale walipodhani wanaguswa na ile nguvu, hata kama haikuwepo, na hawakuhisi kitu ilipokuwepo bila wao kujua. Kilichofanya kazi kilikuwa imani na matarajio yao.

Shaka ya McNally ilikuwa ya namna hiyo. Kwake yeye, sehemu ya EMDR inayosaidia ilijulikana tangu zamani, yaani kuikabili kumbukumbu polepole mbele ya mtu anayejua kazi yake. Sehemu mpya, yaani macho, haikuongeza kitu.

Watu wa Kamina wanaelewa ubishi huu bila kufundishwa. Nani hajaona mganga au nabii mgeni akifika mjini na ahadi ya uponyaji wa siku moja, na watu wakianguka na kuinuka, na baada ya wiki mbili mgonjwa yuko pale pale? Swali la tume ya Paris linafaa kuulizwa kila mahali: ukiondoa kinachodaiwa kuponya, na kubakisha mengine yote, je, mgonjwa bado anapona?

Kidole chapimwa

Ndivyo watafiti walivyofanya. Waliwagawa wagonjwa. Kundi moja lilipewa tiba nzima, na jingine likapewa tiba ile ile huku macho yakitulia mahali pamoja. Mwaka 2001 Paul Davidson na Kevin Parker walikusanya tafiti 34 na kuzisoma kwa pamoja. Walikuta kwamba EMDR inasaidia, kwa kiasi sawa na tiba nyingine za kuikabili kumbukumbu, lakini macho yenyewe hayakuonekana kuongeza chochote. Wapinzani wakaona wameshinda.

Kesi haikuisha hapo. Wanasayansi wa Uingereza na Uholanzi walikuwa na wazo jingine. Akili, walisema, ina nafasi ndogo ya kushika mambo kwa wakati mmoja. Ni kama meza ya mama muuza samaki wa Kinkondja sokoni: mafungu machache yakipangwa, imejaa. Mtu akiikumbuka siku mbaya na papo hapo akapewa kazi nyingine inayoijaza meza, kumbukumbu inakosa nafasi ya kukaa na ukali wake wote. Picha inafifia, sauti inapungua, na kumbukumbu inarudi kuhifadhiwa ikiwa imepungua makali. Kama ni hivyo, kusogeza macho ni njia moja tu kati ya nyingi. Maabara zilionyesha kwamba kazi nyingine zinazochosha akili, kama kuhesabu kurudi nyuma au kuchora umbo gumu, nazo zinapunguza ukali wa picha.

Mwaka 2013 Christopher Lee na Pim Cuijpers walikusanya tafiti mpya zaidi, 15 za wagonjwa na 11 za maabara. Wao walikuta kwamba macho yanaongeza kitu kweli. Mwaka 2019 watafiti wa Korea Kusini walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa panya waliofundishwa kuogopa sauti fulani. Walipoonyeshwa mwanga unaokwenda kushoto na kulia wakati sauti ile inasikika, hofu yao ilipungua na haikurudi kwa urahisi.

Ubishi haujaisha. Lakini pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo lenye maana kwa mgonjwa: tiba hii inasaidia wengi, na inasaidia kwa sababu mtu anaigusa kumbukumbu yake kwa kipimo, mahali salama, pamoja na mtu aliyefundishwa. Kidole kina sehemu yake, lakini peke yake si tiba.

Kutoka kliniki mpaka kambini

Mwaka huo huo wa 2013 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo wa kutibu madhara ya matukio ya kutisha. Kwa watu wazima na watoto wenye ugonjwa wa kiwewe, lilipendekeza aina mbili za tiba: EMDR, na tiba ya mazungumzo inayomsaidia mtu kuchunguza na kubadili mawazo yaliyotokana na tukio. Mwongozo huo ulisema pia jambo ambalo familia nyingi hazijui. Dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium, zisitolewe kwa dalili za msongo katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Zinalaza kwa usiku mmoja, hazitibu jeraha, na zinaweza kumfunga mtu kwenye vidonge.

Je, tiba hii inafaa watu walio bado katika mahema, ambao vita vyao havijaisha? Jibu moja lilitoka Uturuki. Katika kambi ya Kilis, karibu na mpaka wa Syria, Ceren Acarturk na wenzake waliwafuata wakimbizi 70 wa Syria waliokuwa na ugonjwa huu. Waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa EMDR na wengine wakangojea zamu. Uchunguzi ulichapishwa mwaka 2016. Waliotibiwa walipungukiwa sana na dalili za kiwewe na za huzuni nzito, ingawa walikuwa bado kambini, mbali na kwao, na mtabibu hakuzungumza lugha yao bila mkalimani.

Jibu jingine lilikuwa limeanza mapema zaidi huko Mexico. Mwaka 1997 kimbunga Pauline kiliupiga mji wa Acapulco. Watoto walioathirika walikuwa wengi, watabibu wachache. Lucina Artigas, Ignacio Jarero na wenzao wakaibadili EMDR ili itumike kwa kundi. Badala ya kidole mbele ya kila mtoto, watoto walifundishwa kuvuka mikono kifuani na kujigonga mabegani kwa zamu, kulia na kushoto, kama kipepeo anayepiga mabawa. Huku wakichora tukio, walijigonga, wakachora tena, wakajigonga tena. Njia hiyo ya kundi imepelekwa katika nchi nyingi zenye majanga, na Kongo ni mojawapo: mwaka 2015 Masha Allon alichapisha taarifa ya kuitumia kwa wanawake Wakongomani waliobakwa. Ulikuwa uchunguzi mdogo, na peke yake hauwezi kubeba uamuzi mkubwa. Lakini ulionyesha kwamba tiba hiyo inaweza kufika hapa.

Walichofanya wanawake wa Kivu

Ushahidi mkubwa zaidi kutoka Kongo haukutumia kidole kabisa, na ndio unaofunga mjadala vizuri kuliko maabara. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao walifanya kazi katika vijiji vya Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini, pamoja na wanawake waliobakwa au kushuhudia ubakaji na waliobaki na dalili nzito. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013 katika jarida la New England Journal of Medicine.

Katika vijiji 7, wanawake 157 walipewa tiba ya mazungumzo katika vikundi vidogo. Katika vijiji 8, wanawake 248 walipewa msaada wa kawaida, kila mmoja akienda kwa mshauri anapotaka. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa wanawake Wakongomani waliosoma sekondari, waliozoea kuwashauri wenzao, na waliopewa mafunzo na kusimamiwa kwa karibu. Kwa sababu wengi wa wagonjwa hawakujua kusoma, mazoezi ambayo kwingine huandikwa kwenye karatasi yalirahisishwa ili yashikwe kwa kichwa. Walizungumza kwa lugha za nyumbani, Kiswahili kikiwemo. Usalama wa vijiji haukuwa kamili wakati wote huo.

Miezi 6 baada ya tiba, katika vijiji vya msaada wa kawaida asilimia 42 ya wanawake walikuwa bado na dalili za huzuni nzito au wasiwasi mkubwa. Katika vijiji vya tiba walikuwa asilimia 9. Kwa ugonjwa wa kiwewe matokeo yalifanana na hayo.

Kivu haiko peke yake. Huko Beni, mwaka 2013, ulichapishwa uchunguzi wa wasichana 52 walioathiriwa na vita na unyanyasaji, waliosaidiwa kwa tiba ya vikundi. Nchini Uganda, katika makazi ya Nakivale, wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwasaidia wakimbizi wenzao Wanyarwanda na Wasomali kuyapanga maisha yao katika simulizi moja, mema na mabaya, kuanzia utoto. Uchunguzi wa mwaka 2008 wa watu 277 ulionyesha kwamba mkimbizi aliyefundishwa vizuri anaweza kumtibu mkimbizi mwenzake.

Kinachoihusu Kamina

Wataalamu wa akili nchini Kongo ni wachache, na wengi wako Kinshasa. Kutoka Kamina mpaka Lubumbashi, ambako kuna hospitali ya magonjwa ya akili, ni karibu kilometa 600 kwa reli. Familia ya wahami inayotafuta bei ya unga haiwezi kuigharimia safari hiyo kila wiki. Kama tiba ya kiwewe ingehitaji daktari bingwa na chumba cha kliniki, basi kwa wengi wa Haut-Lomami isingekuwepo.

Historia hii inasema vingine. Waliopigana juu ya kidole cha Shapiro walisaidia, bila kukusudia, kutenganisha kilicho lazima na kisicho lazima. Chumba cha kliniki si lazima. Kusoma na kuandika si lazima. Hata kusogeza macho kumeonekana kuwa njia moja kati ya kadhaa. Kilicho lazima ni mtu aliyefundishwa kwa uangalifu, anayesimamiwa na aliyemzidi ujuzi, anayezungumza lugha ya mgonjwa, anayetunza siri, na anayerudi wiki kwa wiki mpaka kazi iishe. Wauguzi, walimu, akina mama wa makanisa na wa vikundi vya akiba, wanaojua Kiswahili na Kiluba, wako Kamina tayari. Yanayobaki, yaani mafunzo, usimamizi na posho ya kumwezesha mtu kuacha shamba siku moja kwa wiki, ni mambo ambayo jimbo, idara ya afya na mashirika yanaweza kuulizwa waziwazi, kama wanavyoulizwa juu ya mahema na mbegu.

Kwa nyumba inayoishi na mtu wa namna hii leo, tafiti hizo zinaonya na kushauri. Jirani asijifanye mtabibu kwa kupunga kidole mbele ya macho ya mgonjwa. Kuifungua kumbukumbu bila kujua kuifunga kunaweza kumwacha katika hali mbaya zaidi kuliko mwanzo. Mgonjwa asilazimishwe kusimulia, asipigwe, asifungwe kamba, wala asiuziwe vidonge vya usingizi sokoni. Anaweza kuambiwa kwa upole kwamba mahali alipo ni Kamina, kwamba leo ni siku fulani, kwamba sauti ile ni gari la moshi. Anaweza kupewa kazi ndogo za nyumbani na nafasi ya kulala karibu na watu wake. Zikipita wiki nne bila nafuu, au akianza kusema kwamba afadhali afe, apelekwe kituo cha afya bila kungoja, na aliyempeleka asimwache peke yake.

Kumbukumbu ya risasi haifutiki kabisa. Wanawake wa Kivu na Wasyria wa Kilis hawakusahau waliyoyaona. Waliopona ni wale ambao kumbukumbu hiyo iliacha kuwaamsha kila usiku. Gari la moshi litaendelea kupiga honi Kamina. Aliyepona atalisikia kama wengine wanavyolisikia, atajigeuza kitandani, na atalala.